Mzee Kitereza wa Kagunguli, mtafiti

Aniceti Kitereza hutajwa karibu kila mahali kama mwandishi wa riwaya. Riwaya aliandika kweli, tena ni ndefu kuliko nyingi tulizonazo kwa Kiswahili: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, kurasa zaidi ya 600. Lakini sisi wa Kanda ya Ziwa, na hasa wanaofundisha au kukusanya fasihi simulizi, tuna deni la kumkumbuka kwa kazi iliyobebwa ndani ya riwaya hiyo. Kitereza alikuwa mtafiti. Alisikiliza, akapanga, akaandika kwa utaratibu ambao wengi wenye vinasa sauti na kompyuta hawajaufikia. Asiyemsoma hivyo huishia kulalamika kwamba kitabu kinakwenda polepole, kwamba mtu hawezi kusafiri kwenda kwa wakwe bila kuelezwa amevaa nini, amebeba nini, amepita wapi na amesalimiwa vipi. Mambo hayo ndiyo Mzee alikuwa anayaokoa.

Alizaliwa mwaka 1896 Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, mjukuu wa Omukama (yaani mtawala) Machunda, na utotoni alilelewa katika boma la Omukama Mukaka. Tazama miaka hiyo vizuri. Stanley, msafiri wa Kizungu, alifika kisiwani mwaka 1875, Lukonge akiwa ndiye mtawala. Watu waliokuwa vijana siku hizo walikuwa bado na nguvu zao, na akili timamu kabisa, wakati Kitereza anafikia umri wa kukaa karibu na wazee na kusikiliza. Kwa hiyo anapoandika maisha ya Wakerewe kabla ya Wazungu kuingia, haandiki alichobuni wala alichosoma. Anaandika alichokisikia kwa walioishi hivyo, na mengi aliyaona mwenyewe yakiendelea kufanyika.

Baadaye alisoma misheni ya Kagunguli, hukohuko Ukerewe, kisha seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Huko alipata Kilatini na Kijerumani. Kilatini cha seminari kilifundishwa kwa kuvunjavunja sentensi: neno hili ni la ngeli gani, limefungamana na lipi, kwa nini limekaa hapa. Mwanafunzi aliyepitia zoezi hilo miaka na miaka hurudi kwenye lugha ya mama yake akiwa na sikio jingine. Naamini hapo ndipo tunapoona chanzo cha nidhamu yake. Wako wazee wengi waliojua methali nyingi kuliko yeye, na wako wasomi waliojua sarufi kuliko yeye. Waliokuwa na vyote viwili, halafu wakakaa chini kuandika, walikuwa wachache mno.

Padre Almas Simard, mmisionari Mkanada wa shirika la White Fathers, ndiye aliyemtia moyo aandike. Mwaka 1945 mswada ulikuwa umekamilika, wote kwa Kikerewe. Hapo ndipo mkwamo ulipoanza, na sababu zake ni za kawaida kabisa. Tangu 1930 kulikuwa na kamati ya kusanifisha Kiswahili kwa nchi zote za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Mwingereza, na vitabu vya shule vilielekezwa huko. Lugha ya kisiwa kimoja haikuwa na soko la kumshawishi mchapaji. Kupanga herufi za kitabu kikubwa kiasi hicho kuligharimu kiasi kilekile, zichapwe nakala 300 au 3,000, na wasomaji wa Kikerewe waliokuwa na fedha ya kununua kitabu wasingeweza kurudisha gharama hiyo. Hakuna aliyesema kazi ni mbaya. Ilikaa tu, mwaka baada ya mwaka.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Gerald na Charlotte Hartwig kutoka Marekani, yeye Gerald akitafiti historia ya Wakerewe. Walitambua walichokutana nacho. Mwaka 1972 walichapisha makala kumhusu Kitereza katika jarida la utafiti wa fasihi ya Kiafrika, na mwaka 1976 kikatoka kitabu cha Gerald kuhusu Wakerewe na biashara ya masafa marefu kati ya 1800 na 1895. Wao ndio waliomhimiza Mzee aihamishie kazi yake kwenye Kiswahili. Akaifanya kazi hiyo mwenyewe, akiwa amevuka umri wa miaka 70, na afya ikiwa imeanza kumwacha mkono. Kitabu kilitoka mwaka 1980. Mwaka 1981 Kitereza akafariki, nakala zikiwa hazijamfikia. Miaka 35 kati ya kumaliza na kuchapishwa: hilo linauma, na hakuna namna ya kulisema likaacha kuuma.

Basi tuingie ndani ya kazi yenyewe, maana kumsifu bila kuonyesha ni kumdhulumu mara ya pili.

Kisa kinaanza na ndoa isiyo na mtoto. Ndugu za Myombekere wanamsimanga Bugonoka kwa utasa, wazazi wake wanakuja kumchukua, na mume anabaki na nyumba tupu. Anapokwenda kumwomba, wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Msomaji wa leo huona hapo faini ndogo. Kwani pombe ni kitu gani? Lakini ukizijua hatua za kuitengeneza, unaona kwamba wakwe wamechagua adhabu kwa makini sana.

Pombe ya ndizi ya ukanda huu wa maziwa inatengenezwa hivi hata leo, kwa tofauti ndogondogo za kijiji na kijiji. Mikungu inakatwa ikiwa imekomaa, kingo za ndizi zimeanza kujaa na kuviringika. Ukikata mapema, ndizi itaiva kwa rangi tu, utamu haupo, na pasipo utamu hakuna pombe. Linachimbwa shimo la kina cha goti hadi kiuno, kulingana na wingi wa mikungu. Ndani yake huwashwa majani makavu ya mgomba ili udongo ukauke na upate joto, kisha hutandikwa majani mabichi, hupangwa vichana, hufunikwa kwa majani tena, na juu udongo. Siku tatu hadi tano. Mvua ikiingia shimoni, ndizi za chini huoza kabla za juu hazijaiva, na mtu asiye makini huzichanganya zote, akaharibu pipa zima.

Zikiiva humenywa na kutiwa kwenye chombo kirefu cha mti uliochongwa, kinachofanana na mtumbwi mdogo, pamoja na majani makavu safi. Majani haya ndiyo siri ya kazi. Yanaikamata nyama ya ndizi na kuyaachia maji. Watu hukanyaga au kukanda mpaka povu litoke na maji yaanze kujitenga. Ndizi zisipoiva vya kutosha, wanga unabaki wanga. Utakanda hadi jioni upate ujiuji unaonata. Zikipitiliza, nyama inakuwa laini mno, inapenya katikati ya majani, na maji hutoka mazito yasiyochujika. Majani yakiwa mabichi, pombe nzima hunuka nyasi. Maji yaliyochujwa huwekewa mtama uliokaangwa na kusagwa. Kwa ndoo ya lita 20 watengenezaji wa sasa hutia kilo 1 hadi 2. Hufunikwa kwa majani ya mgomba, mahali penye joto. Kesho yake au keshokutwa inanyweka. Siku mbili zaidi, ni siki.

Sasa rudi kwa Myombekere. Amebaki peke yake nyumbani. Shimo analiweza. Kukata mikungu anaweza. Lakini kumenya ndizi za mikungu mingi, kukanyaga, kuchuja, kukaanga na kusaga mtama, tena yote ndani ya siku chache zisizoahirishika, na halafu kubeba vyombo vizito kwa miguu mpaka kwa wakwe kabla pombe haijachacha, hayo mtu mmoja hayawezi. Lazima aende kwa majirani, awaeleze shida yake, wamjue kuwa anamtaka mkewe kweli. Lazima akubaliane siku na wakwe, maana akichelewa kwa siku mbili anapeleka siki, na hiyo ni matusi. Adhabu ni kwamba toba yake iwe na mashahidi. Kitereza haelezi hayo kwa sentensi ya mafundisho. Anaandika kazi yenyewe hatua kwa hatua, na msomaji aliyewahi kukanyaga ndizi anaelewa mwenyewe.

Hii ndiyo sababu nasema alikuwa mtafiti mwenye mbinu. Angeweza kuandika orodha: pombe, jembe, mtumbwi, dawa, mazishi. Wamisionari na maofisa wa wakoloni waliandika orodha nyingi za namna hiyo, na zinasaidia. Ila orodha inapoteza nani anafanya, kwa amri ya nani, kwa woga gani, na nini kinatokea akikosea. Mganga Kibuguma anapomtibu Bugonoka, dawa haiji peke yake. Inakuja na miiko, na malipo, na muda wake, na maneno ya kuambiwa mgonjwa. Ukiitoa dawa hiyo ukaiandika kwenye jedwali la mimea, umebaki na mmea tu.

Lipo jingine ambalo watu wa ziwani watalipenda. Maisha anayoyaeleza ni ya ziwa lisilo na sangara. Sangara aliletwa Viktoria katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980, wakati ambapo kitabu hiki ndiyo kwanza kinaanza kusomwa, furu walikuwa wanatoweka kwa mamia ya aina. Ningu, ambaye zamani alipanda mito wakati wa mvua na kunaswa kwa mitego ya kusukwa, alikwisha kupungua sana tangu nyavu za makila ziingie mwanzoni mwa karne ya 20. Vivyo hivyo kwa chakula. Leo ukifika Nansio, mji mkuu wa kisiwa, sahani ya kawaida ni ugali wa muhogo, lakini watu wa Myombekere ni watu wa mtama na ulezi, viazi na ndizi. Msomaji akiyaweka hayo akilini, kila mlo kitabuni unakuwa ushahidi wa kilimo na uvuvi ambao hatuwezi tena kuutazama kwa macho. Mwalimu wa baiolojia anaweza kukitumia. Mwalimu wa historia atakuwa mzembe asipokitumia.

Kuhusu tafsiri, jambo moja la kiutendaji ambalo wanafunzi hukosea. Toleo la Kiswahili la 1980 ni kazi ya Kitereza mwenyewe. Tafsiri ya Kijerumani ya Wilhelm Möhlig, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilitokana na Kiswahili hicho. Tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002, ilitokana na Kikerewe. Ruhumbika ni mtu wa Ukerewe na mwandishi wa riwaya kwa haki yake, kwa hiyo lugha ya asili anaijua kutoka ndani. Maana yake, ukikuta Kijerumani na Kiingereza vinatofautiana, usiharakishe kusema mtafsiri mmoja amekosea. Vimetoka kwenye chemchemi mbili. Inawezekana Mzee mwenyewe, alipokuwa anahamia Kiswahili, alifupisha, aliongeza maelezo kwa wasomaji wasio Wakerewe, au alichagua neno la karibu kwa kukosa lililo sawa. Anayefanya tasnifu juu ya kitabu hiki aanze na Kiswahili, aweke Kiingereza pembeni, na kila panapoachana aandike namba za kurasa zote mbili. Kazi hiyo peke yake inatosha kwa shahada ya uzamili.

Kiswahili chake wapo wanaokilaumu. Kweli si Kiswahili cha Mrima wala cha Unguja. Sentensi zake ni ndefu, adabu za mazungumzo zimehamishwa nzimanzima kutoka Kikerewe, na msomaji wa Dar es Salaam hujikwaa. Nakisoma kama Kiswahili cha mtu aliyekataa kupunguza uzito wa mzigo ili njia iwe rahisi. Angekilainisha, tungepata hadithi nzuri na tungepoteza namna Mkerewe alivyomjibu mkwe wake.

Kisiwa hicho kimetoa pia Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, akasoma Nyegezi hapa Mwanza, akaandika tasnifu yake ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert, akaja kuubadilisha ushairi wa Kiswahili kwa mashairi huru ya *Kichomi* mwaka 1974. Alifariki Januari 2020. Yeye anastahili makala yake peke yake. Namtaja kwa sababu vijana wengi humjua Kezilahabi na hawajawahi kusikia jina la Kitereza, wakati wote wawili ni wa kisiwa kimoja.

Sasa, namna ya kumkumbuka. Kutaja jina kwenye kongamano hakutoshi. Kazi aliyoianza inaendelezeka, na vifaa vya leo ni rahisi kuliko vyake, lakini kuna makosa yanayojirudia, na nitayaeleza kwa urefu kwa sababu yanaharibu rekodi nyingi nzuri.

La kwanza ni swali. Mkusanyaji anafika kijijini, anamkalisha mzee, anauliza kwa Kiswahili: "Mna methali gani kuhusu umoja?" Mzee, kwa heshima ya mgeni, anatafsiri methali ya Kiswahili kwenda Kikerewe au Kisukuma, na mgeni anaondoka amefurahi na kitu ambacho hakikuwahi kusemwa pale. Methali haziishi kwa mada. Zinaishi kwa tukio. Uliza hivi: mtoto akikataa kutumwa, bibi humwambia nini? Mtu akisifia mtumbwi ambao bado hajaushusha majini, wenzake wanasemaje? Ukimpa tukio, methali inakuja yenyewe, na mara nyingi inakuja na nyingine ya kuipinga. Kisha uliza nani hawezi kuisema. Ziko ambazo kijana hawezi kumwambia mzee, na ziko ambazo haziwezi kutamkwa mbele ya mkwe hata kwa mzaha. Bila taarifa hiyo umeandika nusu ya methali.

La pili ni mwili. Nyimbo za kusagia zilifungamana na jiwe. Mashine za kusaga zilipoenea, mikono ikaacha kwenda mbele na nyuma, na nyimbo zikapotea. Bibi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki ataimba mistari miwili na kusema amesahau. Mletee jiwe na mtama kidogo, nusu kilo inatosha, apige magoti aanze kusaga, na mara nyingi ubeti wa tatu na wa nne unarudi, kwa sababu pumzi za wimbo zilipangwa kufuata mkono. Ni hivyohivyo kwa nyimbo za kulima za Wasukuma, ambazo Frank Gunderson alizikusanya na kuzichapisha mwaka 2010 katika kitabu kikubwa. Hizo ni nyimbo za jembe, na ukizirekodi sebuleni mapigo yake yanapotea. Na kwa kuwa nimewataja Wasukuma, anayetaka kuona vyombo na ngoma zenyewe asiache kwenda Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Padre David Clement. Si mbali na mjini kwa barabara ya Musoma.

La tatu ni sauti. Simu inatosha kama huna kinasa, lakini weka programu inayohifadhi faili la WAV, si lile lililobanwa. Kwa ubora wa kilohezi 48 na biti 24, chaneli moja, saa moja inakula karibu MB 520, kwa hiyo safiri na nafasi ya kutosha. Iweke simu kwenye hali ya ndege ili simu ya kuingia isikate rekodi katikati ya kisa. Iweke umbali wa sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, kamwe si juu ya meza tupu, maana kila anapogusa meza utasikia ngurumo. Faili usilitume kwa WhatsApp kama sauti ya kawaida. Linabanwa, na konsonanti hafifu zinachanganyika. Hamisha kwa waya au kadi.

Kando ya ziwa adui mkubwa ni upepo. Jua likipanda, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na alasiri unakuwa na nguvu. Rekodi asubuhi mapema, au jioni ukishatulia. Kama ni lazima mchana, kaa nyuma ya nyumba upande usio wa ziwa na uvishe maikrofoni kipande cha sponji. Nyumba ya bati wakati wa masika haifai kabisa. Mvua ya dakika 10 inafuta kila kitu, na kumwambia mzee arudie kisa alichokisimulia kwa moyo ni kupata kisa kingine, kifupi na kilichochoka. Kuhusu wavuvi wa dagaa, wafuate wakati wa mbalamwezi. Giza likiwepo wako majini na taa zao usiku kucha, mchana wamelala. Mwezi ukijaa, dagaa hawavutwi na taa, wavuvi wanapumzika nchi kavu wakishona nyavu, na hapo ndipo hadithi zilipo.

La nne ni kuandika. Saa moja ya maongezi ya Kikerewe itakuchukua saa 10 au zaidi kuiandika, hata kama ni lugha yako. Sikiliza mara ya kwanza uandike unachosikia bila kurekebisha. Mara ya pili shughulikia urefu wa irabu: Kikerewe hutofautisha irabu fupi na ndefu, kwa hiyo ndefu iandikwe mara mbili. Ukiwa na mazoea ya Kiswahili utaandika zote fupi, na msomaji wa baadaye hataweza kujua neno lilikuwa lipi. Mara ya tatu weka toni, au angalau pale ambapo msimuliaji mwenyewe anakuambia kuwa ukipandisha au kushusha sauti unasema kitu kingine. Kwa msamiati lipo chapisho la Kikerewe la Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilolitayarisha David Odden. Litumie kukagua, na pale msimuliaji anapotofautiana nalo mwamini msimuliaji na uandike kijiji chake. Vijiji havisemi kila kitu sawasawa.

Halafu tafsiri katika mistari mitatu: juu Kikerewe, katikati neno kwa neno, chini Kiswahili kinachosomeka. Mstari wa katikati unaudhi kuuandika, na watu huuacha. Usiuache. Kama Kiswahili chako cha chini kina kosa, mstari huo ndio utakaomwezesha mwingine kulisahihisha baada ya miaka 40, wewe ukiwa haupo kuulizwa.

Jina la faili lianze na kijiji, kisha tarehe, kisha namba ya msimuliaji, kisha namba ya rekodi, mfano KAG_20250614_M03_02. Daftari tofauti liandike M03 ni nani: umri, alikozaliwa, mama yake alitoka wapi, hadithi aliisikia kwa nani. Swali la mama ni muhimu kisiwani, ambako watu wameoana kwa muda mrefu na Wajita, Wakara na Wasukuma, na hadithi nyingi za watoto huingia nyumbani kupitia mama na bibi. Muulize msimuliaji kama jina lake litajwe au lifichwe, na swali hilo na jibu lake virekodiwe mwanzoni mwa faili, kwa lugha anayoitumia yeye.

Nakala ziwe tatu, sehemu tatu. Moja kwako, moja kwenye maktaba au chuo, na moja kwa familia ya msimuliaji, kwenye kadi ya kumbukumbu inayoingia kwenye simu ya mjukuu. Hii ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo yenye manufaa ya haraka: ndugu wataisikiliza, watabishana, na watakupigia kukuambia mzee aliruka sehemu. Rudi na daftari, andika kilichorukwa pamoja na jina la aliyekikumbuka.

Kwa anayetaka kuanzia nyumbani kwa Mzee mwenyewe, meli kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua kama saa tatu. Kwa barabara unapita Bunda hadi Kisorya, unavuka kwa kivuko mpaka Rugezi, kisha gari hadi mjini. Kagunguli inafikika kutoka hapo kwa gari dogo au bodaboda. Nenda na kitabu, toleo la Kiswahili. Chagua sura moja yenye kazi ya mikono, isome kwa sauti mbele ya watu wazima wanaoijua kazi hiyo, na uwaombe wakukatize kila wanapoona pengo au tofauti. Anza na sura ya pombe, kwa sababu watengenezaji bado wapo. Kisha mitego ya samaki, na hapo ufanye haraka, maana anayejua kusuka mtego wa ningu leo ni mzee sana. Sura za mazishi ziache mpaka watu wamekuzoea, na usizisome usiku nyumbani kwa mtu bila kumwomba ruhusa mwenye mji.